Mastaa, Acheni Kutupiga Changa la Macho: Altezza Haijengwi kwa Taa na Stika!

Wadau, leo tuongee bila kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kuna staa mmoja hapa Dar, jina naliweka kapuni maana mwenyewe anajijua na nyie mnamjua, wiki ya tatu hii anatupelekesha na Altezza yake. Usidanganyike na picha, siyo mpya. Altezza mpya haipo duniani, uzalishaji ulikoma 2005, kwa hiyo hata ile ya mwisho kabisa kutoka kiwandani sasa hivi ni mtu mzima. Jamaa kaivisha stika nyeusi isiyong'aa, kapachika rimu za inchi 18, kaishusha mpaka paka akitaka kupita chini lazima ainame, taa za mbele kazifanya nyeupe kama za uwanja wa mpira, na kila video anaifunga kwa maneno yaleyale: kajifanyia mwenyewe uani kwake, na wewe unaweza.

Kama kweli kajifanyia, sijui. Kwenye video ya pili kashika spana, mikono misafi kuliko ya bwana harusi. Aliyewahi kulala chini ya gari ya umri ule anajua nati ya kwanza tu inakupaka grisi mpaka kwenye nyusi. Ila nani kakaza nati, hiyo ni siri yake na fundi wake. Kiki ni kazi, hatumzuii mtu riziki.

Ugomvi wangu uko kwenye hilo la "na wewe unaweza", kwa sababu chini yake kuna namba ya simu. Unapiga, unauziwa balbu za LED, spesa za kusogeza matairi nje, na springi fupi. Yaani hapo siyo burudani tena, ni duka. Na duka linalouza vitu vya kufunga kwenye chombo cha kilo zaidi ya 1,300, kinachokimbia usiku katikati ya bodaboda, mikokoteni na watu wanaotoka kazini kwa miguu, lazima liulizwe maswali.

Kwa wasioijua hii ndinga: Toyota waliizindua Japani 1998 na ikabeba tuzo ya Gari Bora la Mwaka kule kwao msimu wa 1998 kwenda 1999. Ulaya na Marekani iliuzwa kama Lexus IS. Inasukuma kwa matairi ya nyuma, na ile yenye injini ya 3S-GE, ambayo Yamaha walitia mkono, ikiwa na gia sita za kukanyaga klachi inatoa farasi 210 kwa injini ya lita mbili tu isiyo na tabo. Ile nyingine ya 1G-FE, silinda sita, ina farasi 160 na haina makeke. Hiyo ni gari ya heshima. Na kuna kichekesho hapa: taa zake za nyuma, zile za duara ndani ya kioo cheupe, zilipendwa hadi viwanda vya vifaa vya urembo vikaziiga kwa kila aina ya gari, na Wamarekani mpaka leo wanaziita "taa za Altezza" hata zikifungwa kwenye pikapu. Sasa mkali wetu ana Altezza yenyewe, katoa taa halisi, kaweka za kuiga za dukani. Kaiga walioiga kwake!

Hayo ni mambo ya ladha, tuyaache. Taa za mbele siyo ladha.

Taa ya gari siyo balbu peke yake. Nyuma ya balbu kuna kioo kilichokunjwa kwa hesabu, na hesabu hiyo inategemea uzi wa balbu ukae palepale ulipopangiwa. Chanzo cha mwanga kikihama milimita chache tu, mwanga hauendi tena barabarani, unapanda juu kwenye macho ya anayekuja. Balbu ya halojeni ina uzi mwembamba unaowaka pande zote. LED nyingi za bei poa ni vipande bapa viwili, kimoja kinatazama kulia, kingine kushoto. Ukichomeka hicho kitu kwenye nyumba iliyotengenezewa uzi, umevuruga hesabu yote. Zipo Altezza zilizotoka kiwandani na taa za zenoni, lakini hizo zilikuja na nyumba yake tangu kwao. Hatuziongelei hizo.

Anayeendesha atakwambia "mbona naona vizuri". Anaona vizuri pale karibu na bampa. Karibu pakiwaka kupita kiasi, mboni ya jicho inajibana, na kule mbali ambako mtoto anavuka hupaoni. Halafu aliye mbele yako na bodaboda, sekunde mbili tatu anaendesha kipofu. Pita Bagamoyo Road saa mbili usiku ujionee wangapi wanaendesha kiganja kimoja kikiwa kwenye paji la uso. Hao hawajanunua balbu kwa mtu yeyote, hawana staa wanayemfuata, na ndio wanaolipa.

Kupima ni bure. Paki usiku mbele ya ukuta, mita kama saba, washa taa za chini. Taa nzima inachora mstari: juu giza, chini mwanga. Sasa rudi kwenye video ya nne ya mkali wetu, pale anapopaki mbele ya geti. Geti lote limepakwa mwanga mpaka nyaya zilizo juu ya ukuta. Kajirekodi mwenyewe, wala siyo mimi niliyemsingizia.

Na mjue kinachouma zaidi. Altezza nyingi zinaonekana zina taa hafifu kwa sababu plastiki ya mbele imegeuka njano kwa jua. Dawa yake ni msasa wa maji, namba 1000 kisha 2000, halafu polishi, halafu upulizie koti la kuzuia jua ili isirudi njano. Ni kazi ya Jumamosi moja, ndoo ya maji na uvumilivu. Ukimaliza, safisha na waya wa taa unapogusa bodi, maana kutu hapo inakula umeme. Hiyo ndiyo kazi ya kujifanyia mwenyewe! Lakini mtu hawezi kukuuzia ndoo ya maji kwa namba ya simu, ndiyo maana hutaiona kwenye ukurasa wake.

Twende kwenye kushusha. Springi ina ncha iliyotengenezwa ikae kwenye kikalio chake. Ukiikata kwa grinda, na wapo wengi wanaokata badala ya kununua, ile ncha imekwenda. Ukiruka tuta, gurudumu linaning'inia, springi fupi inalegea na inaweza kuhama kwenye kikalio. Ikirudi chini inakaa inapotaka yenyewe. Hata ukinunua springi fupi halali ukazifunga na shokapu za zamani bila kupima mwelekeo wa magurudumu, matairi yanalala na kulika upande wa ndani. Wewe uliyesimama pembeni unaona tairi ina meno, kumbe kule ndani nyuzi za chuma zimeshaanza kuchungulia.

Spesa nazo. Boliti za gurudumu za Altezza zina unene wa milimita 12, na kipimo wanachotumia mafundi wanaojua ni kwamba nati iume kina kisichopungua unene wa boliti. Kwa meno ya boliti hizo, hiyo ni mizunguko minane kamili. Ukipachika kipande cha bati kinene katikati ya gurudumu na kitovu, nati inabaki na mizunguko minne, mitano. Halafu inakazwa kwa kuruka juu ya spana, wakati Toyota wanataka nguvu ya Nm 103, ambayo inapimwa kwa spana yake maalumu. Kwenye zile video tatu nilizotazama za kufunga rimu, hiyo spana haijaonekana hata kwa bahati mbaya.

Muziki sitauongelea sana. Nasema neno moja tu: waya mnene wa amplifaya unaotoka kwenye betri lazima uwe na fyuzi yake karibu kabisa na betri, siyo kule kwenye buti. Fyuzi inalinda waya. Ukiiweka mwisho wa safari, waya ukichubuka katikati chini ya zulia, umejitengenezea jiko.

Sasa nawaambia kwa nini nimekasirika. Mtaani kwetu kuna dogo kauza pikipiki yake, akaongezea na akiba, akavuta Altezza ya 2001 mkononi mwa mtu. Ni mfuasi mkubwa wa huyu staa. Ndani ya mwezi kaagiza balbu, kaagiza spesa, kaweka stika. Nikamwomba anisogeze mahali, tulipofika nikachuchumaa nikasoma tairi la nyuma: 2311. Kwa wasiojua, ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 23, mwaka 2011. Raba ina mipasuko kama kisigino cha Januari. Nikamuuliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Akacheka, akasema kumbe yanabadilishwa?

Yanabadilishwa, tena kila baada ya kama miaka miwili, kwa sababu yananyonya maji kutoka hewani. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yavumilie nyuzi joto zisizopungua 230 kabla ya kuchemka. Yakishakunywa maji, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi 155. Teremka Kitonga na mafuta ya namna hiyo huku unakanyaga breki njia nzima, uone pedali inavyozama. Dogo ana mpango wa kwenda Mbeya na hiyo ndinga mwisho wa mwaka. Hela ya matairi anasema hana. Hela ya balbu alikuwa nayo.

Najua utetezi unaokuja. Wa kwanza: "wivu tu, nunua yako". Sawa. Wa pili: "gari ni yake, hela ni yake". Gari ni yake kweli, barabara siyo yake. Wa tatu ndio unaonikera, wa wale wanaosema basi vijana wasiguse kitu, kila kitu kipelekwe kwa fundi. Fundi yupi? Grinda zinazokata springi ziko gereji, siyo jikoni kwa mama zenu. Kijana anayejua gari yake mwenyewe ndiye hapigwi Gerezani wala Kariakoo kwa spea feki. Mimi nataka vijana waguse magari yao, waguse sana. Waweke jeki kisha stendi imara kabla ya kuingiza kichwa, washike gurudumu juu na chini walitikise waone kama bolijointi za chini zimekwisha. Wafungue bushi iliyopasuka wafunge nzima, halafu waone hiyo gari ya zaidi ya miaka 20 inavyorudisha utu wake kwenye kona. Hakuna stika inayokupa hisia hiyo.

Na siyo kwamba mastaa wote ni walewale. Kuna dada mmoja mtangazaji, naye simtaji, ana Mazda RX-8 ya zamani, ile ya injini ya kuzunguka isiyo na pistoni. Injini ile hunywa oili kwa maumbile yake, na asiyeifuatilia anaiua. Huyu dada kila akisimama kujaza mafuta anavuta kijiti cha oili, na aliwahi kuposti video anabadilisha pedi za breki, nywele kazifunga kitambaa, mikono imeungua kwa weusi. Watu walimcheka, like hazikufika hata robo ya zile za taa nyeupe. Gari yake haina hata spoila, lakini matairi yake yana mwaka unaoeleweka.

Mkali wetu, kama unasoma, na najua vijana wako watakupelekea: mimi na wewe tusigombane kwa maneno. Wiki hii usituoneshe rimu. Chuchumaa, piga picha zile tarakimu nne kwenye matairi yako yote, uposti bila kichujio. Ukimaliza, paki tena mbele ya lile geti usiku, washa taa za chini. Sisi tupo hapa, tunasubiri.