Mgonjwa wa Moyo Aulizwe na Hali ya Nafsi Yake

Wako watu, na miongoni mwao wamo wasomi, wanaodhani kwamba mgonjwa wa moyo akigeukia ukutani na kususa chakula, hiyo ni huzuni ya kawaida ya mtu aliyeponea chupuchupu. Dhana hiyo ni ya hatari, tena ni ya gharama.

Mwaka 1993 Nancy Frasure-Smith na wenzake wa Montreal, Kanada, walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 222 waliopatwa na shambulio la moyo. Wale wenye sonona, yaani unyong'onyevu wa nafsi unaodumu na kumwondolea mtu hamu ya kila kitu, walikabiliwa na hatari ya kufa katika miezi 6 iliyofuata takriban mara nne kuliko wenzao.

Mwenye sonona huacha dawa kwa kuwa haoni faida ya kuishi. Haendi kliniki, sigara aliyokatazwa huirudia. Kisha hurudishwa hospitali akiwa mahututi, apimwe upya, alazwe upya. Nani hulipa? Mtumishi wa Serikali na mwalimu wa Tanzania hukatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Fedha hiyo ni jasho lao. Kuinunulia dawa za moyo zinazobaki kabatini ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kweli isemwe: utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2003, wa wagonjwa 2,481, ulionyesha kwamba kuitibu sonona kuliwapunguzia huzuni lakini hakukupunguza vifo. Wapo watakaoishika habari hii iwe kisingizio cha kukaa bure. Je, mgonjwa aliyeondolewa mateso hayo hakupata kitu?

Hapatakiwi mtambo wa kuagizwa ng'ambo. Yatosha maswali mawili: katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya mambo unayoyapenda? Umejiona mnyonge, usiye na tumaini? Muuguzi anaweza kuyauliza huku akipima shinikizo la damu. Na asiyejua ampeleke wapi anayejibu ndiyo, atazame Zimbabwe, ambako tangu mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi wa mitaani kuketi benchini na wenye sonona na kuwasikiliza.

Tunachoomba kwa wakuu wa hospitali ni kwamba maswali hayo yapigwe chapa katika kadi ya kila mgonjwa wa moyo, na majibu yake yasomwe na daktari kabla hajaandika dawa.