AFYA YA JAMAA: Tuangalie na chini ya mguu



Wengi wetu tunasema kansere ya ngozi ni ugonjwa wa wazungu, au wa ndugu zetu albino. Kweli, weusi wa ngozi unatukinga sana na jua, na mtoto albino anahitaji kofia na nguo za mikono mirefu tangu udogo. Lakini kuna kansere moja, melanoma, ambayo kwetu watu weusi hutokea zaidi mahali pasipopigwa na jua: kwenye unyayo, kiganjani, chini ya ukucha. Mwimbaji Bob Marley alikufa nayo mwaka 1981, akiwa na miaka 36. Ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, na kwanza ilidhaniwa ni jeraha la kucheza mpira.

Sisi tunaolima bila viatu, nani anahesabu madoa ya unyayo? Basi ukiogesha watoto, geuza na mguu wako. Msisahau nyanya zetu, ambao hawawezi tena kuinama. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwetu, msiogope. Wa kutia mashaka ni ule uliokuja juzi katika ukucha mmoja tu, unapanuka, au weusi wake unaingia kwenye ngozi ya kando. Vilevile doa la unyayo linalokua, linalobadili rangi au kutoa damu.

Na makovu ya moto! Aliyeungua utotoni anaweza, miaka mingi baadaye, kutokwa na kidonda juu ya kovu lile lile, kingo zimevimba, hakiponi. Watu watasema amerogwa. Kidonda kikipita majuma mane bila kufunga, kisipakwe pomadi nyingine, kipimwe.

Waganga wa vituo vya afya wanaosoma gazeti letu kupitia wake zao (tunajua wapo), tunawaomba: mgonjwa avue viatu na soksi, atoe rangi ya kucha, akae penye mwanga. Pimeni doa kwa rula, mwandike na tarehe kwenye fishi. Likiwatia mashaka, msilichome wala kulikwangua. Mtumeni hospitali kubwa, wakate kipande kipimwe.

Nawe mama, ukiandikiwa antibiotiki mara ya tatu kwa kidonda kimoja, uliza kwa heshima kama hakifai kupimwa. Kansere hii ikionekana ingali ndogo, mara nyingi kuikata yote kunatosha. Ikifika kwenye tezi za kinena, kazi inakuwa ngumu sana.

Mkutano ujao tuje na sandali, si viatu vya kufunga. Tutaangaliana.