Ukimya wa Mjane Kikaoni



Husemwa mara nyingi, hata katika Halmashauri zetu za Walei, ya kuwa Mwafrika hapendi mabishano, na kwamba kupingana hadharani ni mazoea yaliyoletwa na wageni. Sisi hatuukubali usemi huo. Wazee wetu walibishana sana, ila walijua nani abishane na nani, mahali gani, na kwa lugha ipi.

Tuutazame utani, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo. Mtani huingia msibani akavaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake, akautaja ubahili wake mbele ya wafiwa, wala hapana anayekasirika. Maneno hayo hayo yangetoka kinywani mwa mtoto wa marehemu, yangeitwa laana. Pwani nako, mwanamke aliyeudhiwa hununua kanga yenye jina linalomfaa, akapita nayo mbele ya aliyemuudhi. Amekwisha kujibu, na kinywa hakufungua.

Njia hizi zina busara kubwa, maana huwaacha watu wakiwa bado majirani. Lakini kanga haiandikwi katika kumbukumbu za kikao.

Mfikirieni mjane ambaye, baada ya matanga kuondolewa, ukoo unakutana kuamua juu ya shamba. Shemeji zake wanazungumza. Yeye ameketi mkekani, macho chini, kama alivyofundwa tangu utoto. Akiulizwa kama ana neno, hujibu, “Ninyi ndio wakubwa.” Basi huandikwa ya kuwa ameridhia. Kila aliyepo anafahamu kwamba hakuridhia, kwa kuwa wote wamelelewa katika lugha hiyo hiyo! Hapo heshima imekwisha kufanywa chombo cha unyang’anyi.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha uamuzi wa kimila unaomnyima mwanamke haki ya ardhi, na inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Ni hatua njema. Hata hivyo, mjane hawezi kupata msaada wa Baraza iwapo shauri lake lilimalizwa mkekani na kuitwa makubaliano.

Mila yenyewe inayo dawa. Katika posa, mshenga husema maneno mazito juu ya mahari, na wakwe wasigombane. Kwa nini mjane asiwe na msemaji wake, shangazi au mtani, aliyemchagua mwenyewe? Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wanaoalikwa katika vikao hivyo waulize jambo hili mapema, tena wamwendee mjane nyumbani kabla ya siku ya kikao. Na akisema, “Ninyi ndio wakubwa,” katibu asiandike kuwa ameridhia. Aandike maneno hayo kama yalivyo, na shauri liahirishwe.