"Mwalimu, hii inatusaidia nini?" Jibu langu limechelewa

Nimepotea kidogo, testi zilinibana. Leo sina stori za foleni ya kafeteria wala za bumu. Kuna kitu kimenikaa kifuani tangu BTP na naomba mnivumilie, hasa nyie wenzangu wa ualimu.

Siku moja nilikuwa nafundisha kidato cha nne eneo la uso na ujazo wa tufe. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, hii inatusaidia nini?" Nikamjibu kama nilivyokuwa najibiwa mimi: "Itakusaidia kwenye mtihani, andika." Darasa likacheka, nami nikaendelea na ubao. Jamani, jibu lile sasa linaniuma, na kilichonizindua ni somo la vinu vya nyuklia.

Iko hivi. Kiini cha atomu ya urani kikipasuka hutoa nyutroni 2 au 3. Ili mpasuko uendelee wenyewe, angalau moja kati ya hizo lazima ikapasue kiini kingine. Baadhi humezwa bila kupasua chochote, na baadhi huvuja nje moja kwa moja. Sasa angalia: nyutroni huzaliwa kwenye ujazo wote, ila hutorokea usoni. Ni kama ugali tu. Ukiacha bonge kubwa sahaniani linakaa na moto, ukiutandaza kwenye sinia dakika mbili umepoa. Unga ni uleule, maji ni yaleyale, kilichobadilika ni umbo.

Tupige hesabu ya lita 1. Ukiifanya tufe, eneo la uso ni kama sentimita za mraba 484. Ukiifanya mchemraba, 600. Ukiimimina kwenye bomba la kipenyo cha sentimita 5, itapanda hadi kama sentimita 51 na uso utafika 839 hivi. Lita ni ileile, lakini kwenye bomba nyutroni zina njia nyingi zaidi za kutorokea. Ndiyo maana kinu cha kwanza cha Enrico Fermi na wenzake, kilichowaka Chicago tarehe 2 Desemba 1942, kilijengwa kikiwa na umbo la kukaribia tufe. Vinu vingi vya umeme vina moyo wa silinda ambayo urefu na kipenyo vinakaribiana. Silinda inavujisha kidogo zaidi ya tufe, ila fito za mafuta zilizonyooka na maji ya kupoza vinakaa humo vizuri.

Hapo tunataka nyutroni zisivuje. Lakini kwenye kiwanda cha kutengeneza mafuta ya nyuklia mambo ni kinyume, zinatakiwa zivuje mpaka mnyororo ushindwe kuanza. Kwa hiyo vyombo vinatengenezwa virefu na vyembamba makusudi. Umbo ndiyo ulinzi wenyewe.

Sasa twende Tokaimura, Japani, kiwanda cha kampuni ya JCO, tarehe 30 Septemba 1999. Wafanyakazi watatu walikuwa wanaandaa majimaji ya urani iliyorutubishwa kwa asilimia 18.8. Kampuni ilikuwa imeshabadilisha utaratibu bila ruhusa ya serikali, ikaanza kutumia ndoo za chuma ili kuokoa muda. Siku hiyo wakaruka hata kile chombo chembamba, wakamimina kwa ndoo kwenye tangi pana la kipenyo cha kama sentimita 45. Kikomo cha tangi lile kilikuwa kilo 2.4 za urani. Wao walifikisha kama kilo 16. Ukaonekana mwanga wa bluu, ving'ora vikalia. Wawili walifariki baadaye kwa mionzi.

Mnyororo uliendelea kama saa 20. Na ulizimwaje? Kwanza waliondoa maji ya kupoza yaliyolizunguka tangi, maana yalikuwa yanarudisha ndani nyutroni zilizokuwa zinatoka. Uvujaji ukaongezeka, mnyororo ukakatika. Kisha ikamiminwa asidi ya boroni ili usianze tena.

Kuna watakaosema ni uzembe wa wale wenye ndoo. Mimi nakataa. Hawakufundishwa inavyotakiwa juu ya hatari ile, na wala hawakuwa na uzoefu wa urani ya kiwango kile. Kwa mtu asiyejua sababu, chombo chembamba ni usumbufu tu: kinajaa taratibu, kinachelewesha kazi. Tangi pana linaonekana ndiyo akili. Mwaka 2003 mahakama iliwatia hatiani wafanyakazi sita wa kampuni, akiwemo mmoja wa wale watatu, yule aliyenusurika. Sawa, sheria ifuate mkondo wake. Lakini mimi msimamo wangu ni huu: kanuni iliyokaririwa bila sababu itavunjwa siku ile itakapomchelewesha mtu.

Na sisi walimu watarajiwa ndiyo viwanda vya kukaririsha! Tunasoma kwa desa, tunafaulu kwa desa, halafu tunaenda kufundisha kwa desa. Najua mtaniambia silabasi ni ndefu na mtihani wa taifa hauulizi sababu. Kweli kabisa, nimeyaona mwenyewe BTP, vipindi havitoshi. Lakini mfano wa ugali umekula mistari mitatu tu hapo juu. Darasani ni dakika tano, na fomula yenyewe inakaa kichwani vizuri zaidi.

Yule binti hakuwa msumbufu. Aliuliza swali ambalo pale Tokaimura lilistahili kuulizwa kabla ya ndoo ya kwanza: kwa nini chombo hiki ni chembamba? Mimi nikamnyamazisha, na wenzake wakajifunza kwamba ukiuliza unachekwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Haya wadau, nipeni maoni yenu, hata ya kunipinga ruksa. Acha niwahi kipindi cha saa nane.