Tumtazame nzi kabla ya kununua mtego

Ndugu wanakoperative, hapa Songo mtu akipasua embe akute funza, anasema tu: "Ni nzi." Halafu tunachanga franga, tunanunua mitego. Mimi nasema tuulize kwanza: nzi gani?

Nzi wa embe aliyetoka Asia, akaonekana Kenya mwaka 2003, ana mistari 2 ya manjano mgongoni, na mabawa yake hayana madoa. Ndugu yake wa tikiti na matango ana mistari 3, na doa jeusi kwenye ncha ya bawa. Nzi wa embe wa Afrika yetu, yeye mabawa yake yana mikanda ya manjano na kahawia.

Hapo ndipo pesa inapotea. Madume wa kwanza wanafuata harufu ya metili-ejenoli. Wale wa tikiti wanafuata kyulua. Wa tatu, metili-ejenoli haimwiti. Mtego ukibaki mtupu, si kusema shamba liko salama.

Funza wanafanana sana. Basi tuweke matunda yenye funza kwenye ndoo ya mchanga, tufunike na kitambaa, tungoje nzi watoke na wapate rangi. Koperative inunue lupu moja tu. Mitego itafuata.