Alama ndogo za mtoto: je, ni damu?

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, kuna nyumba za Tabora ambako baba na mama huanza kutupiana mpira: uzito huu wa mtoto umetoka upande wa nani? Wengine wamesoma kwenye simu kuwa Waafrika hupata alama ndogo katika vipimo vya akili, na kwamba eti wataalamu wamekubaliana chanzo ni damu.

Hawajakubaliana. Mwaka 1984 Snyderman na Rothman wa Marekani waliwatumia maswali wataalamu 1,020; wakajibu 661. Miaka 30 hivi baadaye Heiner Rindermann na wenzake wakauliza kwa nini alama hutofautiana baina ya mataifa. Majibu waliyochapisha mwaka 2016 ni ya watu 71 tu, na walichokipa uzito mkubwa ni elimu. Urithi ulitajwa pia, kwa maoni yaliyopishana sana. Hata hivyo, kura ya maoni haipimi ubongo wa mtoto yeyote.

Mimi natazama zaidi ushahidi wa njia yetu ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji. Karibu na Bagamoyo, Robert Sternberg na wenzake waliwapima wanafunzi, wakawaelekeza kwa muda mfupi namna ya kujibu, wakawapima tena. Alama zikapanda. Basi kipimo cha kwanza kilipima pia ugeni wa mtoto kwa maswali yale.

Huku magharibi, Uvinza, chumvi imechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Lakini chumvi huhitaji kuongezwa madini joto. Yakipungua sana mama akiwa mjamzito, ubongo wa mtoto huathirika akiwa tumboni. Hapo hakuna ubishi. Ubishi ni juu ya kiasi. Kuanzia 1986 vidonge vya madini joto viligawiwa katika wilaya zenye rovu nyingi nchini. Mwaka 2009 Erica Field na wenzake walikadiria kuwa watoto waliofaidika tumboni walisoma zaidi kwa theluthi hadi nusu ya mwaka, hasa wasichana. Waliorudia hesabu hizo kwa takwimu nyingi zaidi waliona hazisimami imara. Si ajabu: nani alifaidika kulikisiwa kwa wilaya na tarehe ya kuzaliwa.

Mjamzito wa Sikonge au Urambo asingoje wamalize. Anunue chumvi iliyoandikwa kuwa ina madini joto, aiweke kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na unyevu na joto la jiko, aitie chakula kikikaribia kuiva. Kiasi kibaki kilekile cha kawaida. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Mwenye uvimbe mbele ya shingo aende kituo cha afya. Na mtoto aliyefeli apimwe kwanza macho na masikio, kabla hajaitwa mzito.