Bembea ya Wote

Mwaka 2006 Gordon Hartman, Mmarekani wa San Antonio, Texas, alimtazama binti yake Morgan, mwenye ulemavu, ndani ya bwawa la kuogelea. Mtoto alitaka kucheza na wenzake. Wao wakajitenga naye. Sidhani walikuwa na ubaya: hawakujua namna ya kucheza naye.

Kutokana na uchungu huo, mwaka 2010 ilifunguliwa bustani ya michezo iitwayo Morgan's Wonderland. Humo bembea hupokea kiti cha magurudumu pamoja na aliyekikalia, na mwenye ulemavu hatozwi kiingilio. Lakini haikutengwa kwa walemavu peke yao, wote huingia.

Hapo ndipo penye fundisho. Bustani nyingine humhurumia mtoto wa namna hii kwa kumpitisha mbele ya foleni. Ni wema, lakini mara nyingi, akiufikia mchezo wenyewe, hubaki kuwatazama ndugu zake wakicheka. Huruma humfungulia mlango; haki humwandalia nafasi.

Basi, mzazi anapochagua mahali pa kumpeleka mwanawe, asiulize tu, "Je, ataruhusiwa kuingia?" Aulize pia, "Atacheza na nani?"